Harufu ya Kazini

Karakanani walimwita Pua, na jina halikumwonea. Kazi yake ilikuwa kupima mazabodi, ule ubao mkubwa wa kompyuta unaobeba viungo vyote. Anaufunga mezani, anawasha gemu zito la mbio za magari, anahesabu kompyuta inatoa picha ngapi kwa sekunde. Hesabu hiyo hata mtoto angeisoma kwenye skrini. Yeye alinusa waya unaopata moto kabla kipimo hakijashtuka, na kwa pua hiyo alilipwa kuliko wenzake.

Kisha mafua yakaja, yakaondoka na harufu zote. Wiki ya tatu sasa, hajamwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, alilijua hilo tangu utotoni, ila alijipa moyo kwamba namba zinatosha. Kana kwamba namba ziliwahi kunusa kitu.

Ijumaa ikaletwa mazabodi mpya, ikaendesha gemu vizuri kuliko zote alizowahi kupima. Akatia saini. "Chema chajiuza," mkuu wa karakana akasema. Desturi yao ni kwamba kilichopimwa hakiuzwi. Aliyekipima huenda nacho nyumbani. Jumapili jioni akaifunga kwenye kompyuta ya wanawe wawili. Wakamkumbatia mpaka miwani ikamwanguka, naye akawaambia gemu wasiliguse mpaka kesho watoke shule.

Jumatatu alasiri alikuwa akipima mazabodi ya pili kutoka katoni ileile. Magari yalikata kona, namba zilipanda vizuri. Fundi mwenzake akafungua mlango, akasimama hapohapo.

"Dada, kitu kinaungua humu. Wewe husikii?"

Akainama mpaka joto likamgusa kidevu. Hakusikia chochote. Lakini kando ya feni ubao ulikuwa na doa la kahawia, na doa lilikuwa linatanuka. Mwenzake akachomoa waya ukutani. Yeye akashika simu, akapiga nyumbani.

Mdogo akapokea, magari yakinguruma nyuma yake.

"Zima kompyuta, mwanangu. Zima sasa hivi, mtoke nje wote na bibi."

"Subiri kidogo, mama, kaka anakaribia kushinda. Tumefunga mlango na dirisha, bibi asilalamikie kelele." Akakohoa. "Halafu chumba kinanukia vizuri leo. Kinanukia kama wewe ukitoka kazini."