Kijicho cha Mwalimu wa Udereva

Msoma mita alipiga goti uani kwa mwoka mikate, akainua kifuniko cha chuma, akalowesha pembe ya kitambaa kwa mate na kufuta kioo cha mita. Namba zilipojitokeza alizisoma kwa sauti, kama mama anayeita watoto waingie ndani. Alipoinuka akaiona pikipiki. Ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya tanuri, nusu yake imefunikwa magunia ya unga, na juu ya kiti chake alikaa kuku aliyenuna.

"Hiyo inatembea?" aliuliza.

"Ilitembea," mwoka mikate alijibu. "Siku hizi inaatamia."

Msoma mita alicheka, lakini hakuondoka. Idara ya maji ilikuwa imefikisha mabomba kwenye mtaa mpya wa mlimani, na msimamizi alikuwa ametangaza kwamba njia hiyo, pamoja na cheo chake, angepewa msoma mita atakayekuja na chombo chake cha usafiri kabla ya mvua kuanza. Yeye alikuwa ameusoma mji mzima kwa miguu. Aliwajua mbwa wote kwa tabia na mageti yote kwa mlio. Mlima aliutaka kama mtu anavyotaka kiti cha mbele.

Walielewana bei bila kugombana, kwa kuwa mwoka mikate alihitaji nafasi ya magunia. Kuku alihamishiwa kwenye karai. Msoma mita alishika usukani na kuisukuma pikipiki hadi nyumbani, tairi zikiwa hazina upepo, zikilalamika njia nzima.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva. Nusu ya mji ilikuwa imepita mikononi mwake: wafanyabiashara, wajane, mabinti wa chuo waliofunga breki kwa kufumba macho. Wote aliwafundisha kwa upole uliosifiwa. Mkewe alipomwomba amfundishe na yeye, alimjibu, "Mganga hajigangi, mke wangu," akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichokuwa jibu kila alipomwomba tena.

Aliizunguka pikipiki na kikombe cha chai mkononi, kama anayemtahini mtu.

"Hiki ni chuma chakavu."

"Ndiyo."

"Na wewe klachi huijui."

"Nitaijua."

"Utafundishwa na nani?"

"Fundi Kiki."

Mwalimu alikiweka kikombe chini.

Fundi Kiki alikuwa mzee ambaye mguu wake wa kulia ulikuwa mnene mara mbili ya wa kushoto, kwa kazi ya kuziwasha pikipiki zilizokataliwa na wengine. Alimwita msoma mita "shemeji" na alikuja uani kwake siku za mapumziko, mchana kweupe, akiwa na sanduku la spana na kigoda cha kukalia. Walianza na tangi. Walilijaza siki na changarawe, wakalitikisa kwa zamu, na kutu ikatoka nyekundu kama chai ya rangi. Walifungua kabureta juu ya sinia na kuzibua vitundu vyake kwa unywele wa waya. Mnyororo ulilazwa ndani ya mafuta ya taa, kisha msoma mita akausugua pingili kwa pingili kwa mswaki wa zamani wa mumewe.

Mwalimu alitazama yote hayo akiwa mlangoni. Aliona jinsi mkewe alivyopuliza vumbi kwenye spoki, kwa midomo iliyokunjwa kama anayepoza uji wa mtoto. Aliona alivyoinama kusikiliza bomba la moshi lisilo na la kusema.

"Mimi mgongo wangu hujawahi kuusugua hivyo," alisema.

"Mgongo wako hauna kutu."

"Umejuaje, na huutazami?"

Fundi Kiki alianza kutafuta spana ambayo tayari alikuwa ameishika.

Pikipiki iliwaka kwa mara ya kwanza asubuhi ya Jumamosi. Mwalimu aliwaka siku hiyo hiyo mchana. Alilaumu chumvi kwenye mboga, akalaumu mboga, akalaumu sahani. Asubuhi ile mkewe alikuwa amecheka kicheko ambacho yeye hakuwahi kukisikia, kirefu, cha tumboni, kichwa kikiwa nyuma, moshi wa buluu ukimfunika. Mwalimu alijaribu kukumbuka ni lini alimchekesha hivyo. Alipokosa jibu, akaanza kuwashwa kisogoni.

Kinyozi ndiye aliyekiona.

"Mwalimu, una kijicho hapa nyuma," alisema, akiisogeza mashine kando. "Nikizungushie, au niache nywele zikifunike?"

"Kizungushie."

Kilikuwa kijicho cha rangi ya kahawia, kikubwa kama kifungo cha shati, chenye kope fupi na weupe uliotulia. Kinyozi alikizungushia vizuri, akakipangusa nywele zilizokiangukia, akamwita mteja mwingine.

Mama mkwe alifika na kapu lake, akamwinamisha mwanawe karibu na dirisha na kukikagua.

"Ni chenyewe," alisema. "Wazee hawakulibuni neno hili bure. Baba yako alikuwa nacho gotini. Ilimlazimu avae suruali fupi maisha yake yote, ili kione."

"Kilimtokea lini?" msoma mita aliuliza.

"Nilipojifunza kusoma."

"Ukaacha?"

"Kusoma hakuachiki, mwanangu. Niliacha kusoma mbele yake." Mama mkwe akaanza kutoa vitunguu kwenye kapu, akivitazama kimoja kimoja.

Kwenye shule ya udereva kijicho kilipokelewa kwa furaha. Mwalimu sasa aliweza kuiona barabara ya nyuma bila kutumia kioo, na mwenye shule aliona kwamba kipaji cha namna hiyo hakifai kukaa bila cheo. Alimpandisha kuwa mwalimu mkuu. Wanafunzi waliletwa kukitazama ili wajifunze maana ya tahadhari. Kijicho kiliyaona magari, baiskeli na watembea kwa miguu, lakini ikipita pikipiki yoyote iliyoendeshwa na mwanamke, kilijaa maji.

Uwanjani, msoma mita alikuwa akijifunza kuanguka. Alianguka upande wa kushoto, kisha wa kulia, kisha mara moja akaanguka akiwa amesimama, jambo ambalo Fundi Kiki alisema hajawahi kuliona. Klachi aliiachia kama anayetupa kaa la moto, na pikipiki ikaruka kama chura na kuzima. Tatizo lake kubwa, hata hivyo, lilitokana na ajira. Fundi Kiki alikuwa amemfundisha kufunga koki ya mafuta kila anaposhuka. Kufunga hakukumsumbua, maana mkono wa mtu wa idara ya maji hufunga koki hata ukiwa usingizini. Kufungua ndiko kulikomshinda. Aliwasha, akaondoka kwa madaha, akapiga honi kuwasalimu watu, na mafuta yaliyobaki ndani ya kabureta yakaisha mbele ya watu hao hao.

"Shemeji," Fundi Kiki alimwambia, "hii siyo nyumba iliyoshindwa kulipa bili. Ifungulie."

Alijifunza. Akaweza kona, akaweza tope, akaweza kusimama kwenye mteremko bila kurudi nyuma. Alipata leseni. Tangi lilipakwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la jirani, na kiti kilishonwa upya kwa ngozi ya sofa iliyokuwa imetupwa. Jioni alipoingia uani, uso ukiwa na vumbi isipokuwa mahali miwani ilipokaa, alikuwa na sura ya mtu aliyetoka kwenye karamu. Mwalimu alimpokea kwa kumpa mgongo. Hakuwa akimkasirikia; ndivyo alivyomwona vizuri zaidi.

"Leo umesalimiana na wanaume wengi," alisema, akiwa amegeukia ukuta.

"Nimesalimiana na barabara nzima. Wanaume wamo."

"Wananiita mume wa mwenye pikipiki."

"Na mimi waliniita mke wa Mwalimu. Sikuota kitu."

Mvua ilikuwa imeanza kuonekana kwa mbali, nyeusi chini ya upeo, siku msimamizi alipomwita afike ofisini na chombo chake kikaguliwe. Mwenzake mmoja alikuwa tayari amekwenda na baiskeli, msimamizi akamwambia mlima haukubaliani na baiskeli. Msoma mita alivaa sare aliyoipiga pasi, akafungua koki, akapiga kiki. Pikipiki haikuwaka. Akatazama koki: ilikuwa wazi. Akaifunga, akaifungua. Akapiga kiki mpaka jasho likapita kwenye pasi. Alipoinama ndipo alipouona waya wa plagi ukining'inia peke yake, na mahali pa plagi pakiwa na tundu tupu.

Aliingia ndani. Mumewe alikuwa mezani akinywa chai, na mama yake alikuwa amekaa mbele yake. Mwalimu alikuwa ameupa mlango mgongo. Kwa kawaida kijicho kilimkazia mkewe macho tangu anapokanyaga kizingiti, lakini asubuhi hiyo hakikumtazama. Kilikuwa kinatazama rafu, upande wa kushoto, penye mkebe wa sukari. Kilipogundua kwamba anafuata kinakotazama, kilipanda haraka darini, kikajifanya kinakagua bati. Kisha kikarudi mkebeni, kwa kuwa kijicho kina uchungu lakini hakina hila.

Msoma mita aliufungua mkebe, akaingiza vidole, akaitoa plagi.

Mwalimu alikoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha korogwa.

"Si mimi," alisema mwishowe. "Ni hicho."

"Usimlaumu, mwanangu," mama mkwe alisema. "Ni kijicho. Baba yake pia hakuwahi kufanya kitu. Lilikuwa goti."

"Kijicho hakina mikono," alisema msoma mita.

Mama mkwe alimtazama kwa muda. Ilionekana kama angesema kitu alichokuwa amekiweka kwa miaka mingi, na midomo yake ilifunguka. Kisha akachukua birika na kumwongezea mwanawe chai.

Msoma mita aliipangusa plagi kwa pindo la sare na kuirudisha mahali pake. Sukari iliyobaki kwenye nyuzi zake iliungua, na pikipiki ikanuka peremende mpaka ofisini. Msimamizi aliikagua taa, akaikagua breki, akainusa mara mbili, akaridhika.

"Mlima ni wako," alisema. "Ila nasikia mumeo ana kijicho."

"Anacho."

"Mpe pole. Na usiwe unampita pale shuleni kwa kasi. Mtu mwenye kijicho anahitaji kueleweka."

Msoma mita aliupanda mlima siku hiyo hiyo. Mita za huko zilikuwa mpya, vioo vyake havikuhitaji mate, na watu walitoka nje kumpungia mkono. Kuanzia siku hiyo kila mtu mjini alimwuliza kuhusu kijicho. Kinaendeleaje? Kinalala? Kinapenda kivuli? Jirani alishona kofia yenye tundu nyuma. Muuza miwani alitengeneza kioo kimoja cheusi, chenye kamba ya kufungia usoni, ili jua lisikichome. Mwalimu alitembea katikati ya huruma hiyo kama bwana harusi. Kuhusu plagi hakuna aliyeuliza.

Kila msoma mita alipokuwa mlimani, kijicho kiliwasha na kuvimba, hata kama Mwalimu alikuwa mbali, darasani, akieleza alama za barabarani. Ilibidi kipelekwe kwa daktari wa macho. Daktari alikiangalia kwa kurunzi, akasema ni kizima kabisa, kinaona kuliko yale mawili ya mbele, na kwamba hakitatoka. Aliandika dawa ya matone, kila jioni.

"Mwenyewe hafikii huko nyuma," daktari alimwambia msoma mita. "Itakuwa kazi yako."

Ikawa kazi yake. Siku hizi, akishuka kutoka mlimani, huizima pikipiki kwenye kona ya mwisho na kuisukuma hadi nyumbani, ili mlio wake usikishtue kijicho. Huiegemeza ukutani, hufunga koki, huitoa plagi ingali moto na kuifunga kwa kitambaa, kisha huitia kwenye mfuko wa gauni. Halafu hunawa mikono mpaka harufu ya petroli iishe. Mumewe huwa amekwisha kukaa kwenye kigoda, ameinamisha shingo, kola ameishusha, kama mtoto anayesubiri kunyolewa.

"Pole pole," humwambia. "Jana uliniunguza."

"Fumbua," msoma mita hukiambia kijicho.

Nacho hufumbua. Yeye hushika ukope wa chini kwa kidole kimoja, kwa uangalifu aliojifunza kwenye kabureta, na kudondosha tone moja, kisha jingine. Kijicho hupepesa, hung'aa, hupona. Kikishapona, kitu cha kwanza kinachotazama ni mfuko wake wa gauni.