Kidole Kinachoruka Maneno

Kelele zilianza mbali, kule kwenye robot, zile taa za kuongozea magari, na Kulthumu akajifanya hazisikii. Watoto walikuwa wamekaa mkekani, kwenye pembe ya maktaba ndogo ya Sydenham. Walikuwa wa miaka minne, mitano, wengi wao wa Kikongo, na yeye, Mtanzania muuza vitenge, ndiye aliyewasomea kila Jumamosi. Vitabu vya Kiswahili havikuwapo, kwa hiyo wazazi walivitengeneza wenyewe kwa katoni na kalamu za rangi. Leo ilikuwa zamu ya kuku aliyepoteza yai.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Walijibu kwa sauti ya kupasua vioo, kama alivyowazoeza. Aliyenong'ona alirudia. Hadithi haiji kwa mtu asiyeiita, aliwaambia siku zote.

Akaweka kidole chini ya neno la kwanza ili macho yao yafuate. Kelele zikasogea. Sasa zilikuwa wimbo, na ndani ya wimbo lilikuwamo lile neno la Kizulu alilolijua vizuri, la kuwafukuza watu kama yeye: wageni.

Bheki, mlinzi, akafunga komeo la mlango taratibu, akamwonyesha kwa mkono aendelee.

"Anti," akasema Pacifique, aliyekaa mbele kabisa, "kidole yako inaruka maneno."

Kweli. Kilikuwa kinatetemeka, kilitoka kwenye "kuku" kikatua kwenye "yai". Mwezi uliopita mtoto huyu asingelijua hilo. Siku nyingine Kulthumu angempigia vigelegele. Leo alishusha sauti.

"Tusome kwa macho, wanangu. Kimya kimya."

Vivuli vya watu vikapita kwenye pazia. Fimbo zilikwaruza uzio, chuma baada ya chuma. Pacifique alitazama huku na huku. Kimya alichokijua yeye ni kimoja tu, kile cha kusubiri hadithi. Akavuta pumzi.

"Paukwa!"

"Pakawa!" wakalipuka wote.

Nje, fimbo zikasimama. Kitasa cha mlango kikazunguka.

Kule nyuma akainuka MaNgubane, bibi wa Kizulu aliyemleta mjukuu wake. Magoti yalimlia. Akapaza sauti kuwazidi watoto:

"Kwesukesukela!"

Kule chekechea watoto walikuwa wamefundishwa kwamba hadithi ya Kizulu nayo inabishiwa hodi, kwa wito huo. Wakajibu bila kufikiri: "Cosi!"

Kitasa kikatulia.

"Nani yumo humo?" mtu akauliza kwa Kizulu.

"Watoto," Bheki akajibu. "Wanasoma."

Kule nje mtu akacheka, fimbo zikarudi kwenye uzio, zikaenda zikififia kuteremka mtaa.

Kulthumu alitaka kufunga kitabu na kuwarudisha watoto kwao, wote, hata kama ni kwa kuwabeba.

"Eish," alisema MaNgubane kwa Kiingereza, akikaa, macho kwenye picha za kitabu. "Mwanangu, usituache hivi. Hilo yai lilipatikana?"

Kulthumu akakirudisha kidole chini ya neno. Kilikataa kutulia, akakishika kwa mkono wa pili.

"Paukwa," akasema.

Watoto waligeuka kwanza, wote, wakatazama mlango. Kisha wakanong'ona:

"Pakawa."

Kulthumu hakuwaambia warudie.