Pole kwa Safu Yatima

Kabla hajafiwa na mama yake mtandaoni, Safwan Matano alikuwa rapa asiye na habari ya kusimulia. Alichana mistari ya bastola, naye bastola ameiona kiunoni mwa askari wa feri tu. Alichana ya magari ya kifahari, na kwao Likoni hata baiskeli ilikuwa ya kuazima. Watazamaji wake walikuwa haba, na nusu yao ni yeye mwenyewe akijitazama kwa simu za marafiki. Baba yake alikuwa amekufa kweli, Safwan akiwa bado na meno ya utoto, akamtungia wimbo kwa machozi ya haki. Haukutazamwa. Inaonekana kifo cha baba hakimlizi mtu.

Ndipo siku moja akaketi ufuoni Mtongwe, kilemba kimemfunika nusu ya uso, akajirekodi akichana habari za kijana aliyepiga magoti kaburini kwa mama. Hakusema ni mama yake. Hakusema si mama yake. Msanii ni msanii. Alipoamka asubuhi, nchi nzima ilikuwa msibani. Wasichana wa Nakuru walilia, wanaume wazima wa Kakamega waliandika kwamba wameacha kazi wakakimbilia kuwapigia mama zao simu, na mmoja alijitolea kulijengea kaburi hilo kwa marumaru.

Mama mwenyewe, Bi Mwanamkasi, wakati huo alikuwa uani akikaanga vitunguu vya pilau ya harusi ya watu. Alikuwa mpishi wa masufuria makubwa. Likoni hakuna aliyeoa wala aliyefiwa bila ya mwiko wake kupita hapo. Na ni mwanamke wa adabu za zamani: umwite ukiwa mkubwa, umwite ukiwa mtoto, atakuitika "abee" hata akiwa na mikono miwili ndani ya nyama.

Safwan aliandika, "Jamani, mama yu hai." Akayatazama maneno hayo, akayafuta. Akaandika upya: "Asanteni kwa rambirambi. Ni mapenzi ya Mungu." Mioyo myekundu ikamiminika. Tangu hapo akaitwa Safu Yatima, na mtu akishapewa jina kama hilo hana budi kulitunza.

Vijana wa mtaani walijua. Walicheka, kisha wakanyamaza, maana ndiye staa pekee waliyekuwa naye. Bi Mwanamkasi hakujua. Muziki wa mtoto wake hakuusikiliza, aliuona kama mtu anayegombana peke yake. Lakini Safwan alikuwa amemwambia, "Mama, nimekuimba," na hilo lilimtosha. Aliyemsalimia siku hizo alipata taabu kuondoka. "Watoto wa wenzangu wawajengea nyumba," alisema, uso wote umemchangamka. "Wangu mimi ameniimba!" Watu walijibu mashallah, huku wakitazama viatu vyao.

Punde Safwan akahamia Bombolulu, ili awe karibu na studio, na pia, tusifichane, awe mbali na marehemu. Huko alipata meneja, Lynnette, msichana wa bara mwenye akili za haraka na simu tatu, aliyeamini kila neno la wimbo ule. Siku moja simu ya Safwan iliita mbele yake na kioo kikaandika "Mama." Akasema ni mama mdogo. Usiku huohuo akaibadilisha namba ile ikawa "Fundi wa Bomba." Kila Ijumaa Fundi wa Bomba alipiga kumuuliza kama amekula. Na Safwan hakuwa mtu mbaya, msimwonee. Alimpenda mama yake mno. Alimpenda kwa siri, kama mtu ampendavyo mke wa pili.

Mwaka ulipokaribia kutimia, Lynnette akataka kumbukumbu. "Nyinyi watu wa coast mkikumbuka mtu hufanya aje?" aliuliza. Mwenye nyumba aliyopanga Safwan akamweleza: husomwa hitima. Watu hukusanyika, Kurani ikasomwa, marehemu akaombewa dua, kisha hulika pilau. Lynnette aliposikia pilau akaona jambo limekamilika. Akakodi turubai na viti, akaita wapiga picha, akachapisha bango kubwa lenye uso wa Safwan na maneno "Pumzika, Mama." Halafu akazunguka Bombolulu kuuliza ni nani mpishi hodari wa hitima. Kila mwanamke alimtajia mtu mmoja, yule mpishi wa ng'ambo, Likoni, naye akawaachia wao wamwite.

Safwan hakuuliza mpishi ni nani. Wanaume hawaulizi, wao hula.

Siku yenyewe Fundi wa Bomba alipiga tangu alfajiri. Safwan alikuwa akipakwa wanja mwepesi chini ya macho ili aonekane hakulala. Akazima simu.

Ua wa madrasa ulijaa kanzu na kofia. Nyuma ya turubai moshi ulipanda, na harufu ya bizari ikamfikia Safwan puani ikamtia njaa ya nyumbani. Hakuitilia maanani. Juzuu ziligawiwa, zikasomwa, na Ustadhi Barakat, mzee asiyejua wala asiyetaka kujua mambo ya mtandao, akafunga Msahafu wake akamgeukia.

"Sasa tumwombee. Marehemu aitwa nani, na babake nani?"

Safwan akakodoa macho. Mwaka mzima alikuwa ameomboleza bila jina.

"Mama," alisema.

"Mama yuajulikana ni mama. Jina, kijana. Hatuliombei bango."

Hapo ndipo pazia la nyuma lilipofunguka. Bi Mwanamkasi alitoka akifuta mikono kwa leso, yeye na jirani yake Jalila aliyekuja kumsaidia kupika. Ilikuwa desturi ya Bi Mwanamkasi kuitikia amina kwa kila aliyempikia hitima. Alipomwona mtoto wake alitabasamu, tabasamu pana la mtu aliyekutana na wake ugenini. Kisha akaliona bango.

Maneno aliyohitaji Safwan yalikuwa mawili tu: huyu hapa. Angeyasema, angemrudisha mama yake duniani mbele ya watu wote, na Safu Yatima angezikwa yeye. Kamera zilimtazama. Lynnette alimtazama. Angeweza hata kubuni jina, maana aliyebuni kaburi jina lingemshinda nini? Lakini mtu akiulizwa jina la mama yake, ulimi una jina moja tu.

"Mwanamkasi," alisema, macho chini. "Mwanamkasi binti Bakari."

Jalila alishika mdomo. Ustadhi aliinua mikono, akamwomba Mola amsamehe Mwanamkasi binti Bakari, amwangazie kaburi lake, amkunjulie. Watu wakaitikia amina. Na kila walipomaliza, Safwan aliisikia amina nyingine nyuma yao, imechelewa kidogo, kwa sauti iliyomlea.

Pilau ilipopakuliwa, mpishi mwenyewe alimletea sahani yake. Juu ya nyama alikuwa amemwekea ukoko, umekwanguliwa chini ya sufuria, kama alivyoupenda tangu utotoni.

"Pole, mwanangu," alimwambia. "Mungu akupe subira."

Hakuna aliyeshtuka. Mwanamke wa umri ule humwita kila kijana mwanangu. Lynnette alimwashiria mpiga picha asogee karibu, na Safwan akalia juu ya ukoko machozi ya kweli, ya kwanza tangu wimbo wa baba yake.

Video ile ilienea kuliko wimbo wenyewe. Watu waliuliza mpishi yule mwenye roho ya mama ni nani. Lynnette aliruka kwa furaha. "Tumtafute huyo mathe," alisema, "tukuwe na yeye kwa kila shoo!"

Safwan alimpigia Fundi wa Bomba siku nzima, hakupokewa. Kesho yake mchana akavuka kwenda Likoni, bila kilemba, bila miwani. Mama yake alikuwa barazani na Jalila, wakichagua mchele wa harusi ya mtu.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwanamkasi aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

"Mama!" aliita. Alingoja ile abee. Alikuwa hajawahi kuikosa maishani mwake. "Mama, ni mimi. Nisamehe."

Mchele uliendelea kupepetwa. Jalila ndiye aliyeinua uso, naye hakumtazama kwa hasira, alimtazama kwa huruma, ambayo ilikuwa mbaya zaidi.

"Wamwita nani, babangu?" alisema. "Mamako si tumemsomea juzi, na pilau tukala?"

Safwan aliketi kwenye ngazi ya chini, akajifunika uso, akalia. Walipita watu wa mtaani, wanaume kwa wanawake, wote walimjua. Hakuna aliyempa pole.