Kisarafu cha Ghorofa ya Nne

Dada yangu alikisugua kisarafu changu kwa majivu na ndimu mpaka kikang'aa kama kijiko kipya, akanikabidhi asubuhi kwa mikono miwili, kimefungwa ndani ya leso safi. Nia yake ilikuwa njema: kesho yake tulikuwa tunasikilizwa na tume, na hakutaka wakubwa wapate shida kusoma. Nilikitazama, nikakifunga tena ndani ya leso. Anayekusanya vitu hivi havisafishi. Ule weusi ndio umri wenyewe. Ukiuondoa, kitu cha zamani kinaonekana kimetoka karakana jana. Sikumgombeza. Nilimwambia amefanya vizuri, nikaenda kujifungia chooni.

Zamani wauza sarafu walikuwa na namna yao ya kujitangaza. Likitokea jambo mjini, daraja likifunguliwa au mashine mpya ikifika, waligonga visarafu vya shaba: upande mmoja jambo lenyewe na tarehe yake, upande wa pili jina la duka. Walivigawa bure. Havinunui hata kiberiti. Mimi navikusanya tangu utoto, ninavyo kopo zima, na watu hunicheka kwamba mtu mzima anahifadhi matangazo. Wacha wacheke. Wakubwa huchoma magazeti na kuchana picha, lakini nani amewahi kumwona mkubwa akihangaika kufuta tangazo la duka?

Walihangaika na hiki kimoja tu. Kinasema: Ukumbusho wa kufunguliwa ghorofa ya nne, kiwanda cha nguo. Tarehe yake ni ya Jumatatu. Ijumaa ya wiki hiyohiyo ghorofa iliporomoka, na mama yetu alikuwa humo, ameinamia cherehani. Wenye kiwanda wakatangaza kwamba ghorofa haikuwa imefunguliwa bado, haikuwa na mfanyakazi hata mmoja, na waliofukuliwa kwenye kifusi ni wezi walioingia kuiba vyuma. Dada yangu amekua akiitwa mtoto wa mwizi, shuleni, bombani, hadi ukweni. Watu wa kiwanda walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya visarafu vyote. Changu, ambacho mama alinipa nichezee, nilikificha mdomoni. Sikuufungua mdomo mpaka walipoondoka. Tangu hapo sijaufunga.

Ndiyo maana tume ikaundwa, baada ya kelele za miaka na miaka. Ila karani wao alinionya mapema: fundi yeyote anaweza kugonga kipande cha shaba, kwa hiyo nilete mtu anayekijua. Aliyebaki ni mmoja, mtoto wa yule muuza sarafu aliyekigonga, ambaye sasa ndiye mwenye duka. Wanamwita Jicho kwa sababu ya lenzi anayoibana jichoni kutwa.

Mlango wa duka lake hufunguliwa kwa kitufe kilicho chini ya kaunta. Unaingia kwa ruhusa yake, unatoka kwa ruhusa yake. Ulijifunga nyuma yangu. Jicho akakipokea, akakigeuza chini ya taa.

"Nani amekiosha?"

"Dada yangu."

"Mwambie asiguse tena kitu chochote kilichomzidi umri."

Kisha akakitazama tena, herufi kwa herufi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni cha baba yake, hana shaka. Herufi moja ilikatika mguu chuma cha kugongea kilipopata ufa, na mzee alishinda siku nzima akilaani. Nikamwomba aje mbele ya tume aseme hayohayo tu. Akatikisa kichwa. Baba yake alichukuliwa jioni moja kwa ajili ya visarafu hivi, akarudishwa na vidole visivyoweza tena kushika lenzi. Yeye, akasema, si baba yake.

Nilikuwa nakusanya maneno ya kumjibu, na watu kama yeye nina maneno yao, nilipoona wanaume wawili nje ya kioo. Niliwajua, watu wa kiwanda. Tangu tume itangazwe walikuwa wakishinda ndani ya gari mbele ya nyumba yetu. Mmoja wao, mwenye kofia, akabonyeza kengele.

Nikatafuta mlango wa nyuma kwa macho. Palikuwa na makabati tu. Jicho akanitazama, akabonyeza kitufe.

Mwenye kofia akauliza, kwa adabu, huyu mzee ameleta nini leo. Jicho akakirusha kisarafu juu ya kaunta kikalia.

"Bandia," alisema. "Kimegongwa wiki hii. Kitazame kinavyong'aa."

Mwenye kofia akakiokota, akakigeuza, akaangua kicheko. "Mzee wangu, si ungekipaka masizi kidogo." Mwenzake alicheka mpaka akakohoa. Kisha yule wa kofia akakitia kwenye mfuko wa shati langu, akaupigapiga kwa kiganja, na kofi la mwisho halikuwa la utani. Akamwambia Jicho kwamba akiulizwa popote aseme hivyohivyo. Jicho akasema atasema hivyohivyo. Wakatoka.

"Wangekichukua," Jicho alisema, lenzi bado jichoni. "Na wewe pia."

Ni kweli, na nilijua. Bila ile ndimu ya dada yangu wasingeamini. Lakini neno lilelile lililoniokoa lilikuwa limemrudisha mama yangu kwenye wizi. Nilitaka kumkaba. Nikamuuliza kesho wakimwita atasema lipi.

"Nina watoto, kaka."

"Hata sisi tulikuwa watoto."

Nikakitoa mfukoni nikakiweka mbele yake. Maisha yangu yote sijalala nyumba ambayo hakimo, na vidole vilikataa kukiachia. Lakini nikikipeleka mimi ni bandia ya mfiwa. Akikileta yeye ni kazi ya duka lao. Nikamwambia akija aje nacho, asipokuja akiyeyushe kwa mkono wake mwenyewe. Alichukua muda mrefu kukipata kitufe cha mlango.

Asubuhi tulikaa kwenye benchi la tume, dada yangu akiuliza kila mara kisarafu kiko wapi, nami nikimjibu kiko kwa mtaalamu. Mwenye kofia alikaa nyuma yetu, akanisalimia kama jirani. Tukaitwa. Nikasimama mikono mitupu, na karani akaniuliza ushahidi wangu uko wapi. Niliangalia mlango. Nikauangalia tena.

Jicho aliingia bila lenzi, kwanza sikumtambua kwa macho yake mawili. Alimpita mwenye kofia bila kugeuka, akaweka kisarafu mezani, akataja jina la baba yake, halafu lake, yote kamili.

"Jana nilisema uongo," alisema. Akakigeuza kisarafu, akawaonyesha herufi iliyokatika mguu.

Nyuma yangu kiti kilisogea. Nyayo zikaelekea nje, hazina haraka. Dada yangu akanibana mkono, analia kwa furaha, ananiambia nisikilize, anasema mama hakuwa mwizi, kaka, wanaandika. Nami nilitaka kusikiliza. Lakini nilikuwa nasikia gari la wale wawili nje ya dirisha: limewashwa, linanguruma polepole, wala haliondoki.