Joka Lisilo na Kichwa

Majoka mawili yalikizunguka chombo kile cha kauri, moja likifukuza jingine kati ya mawingu ya samawati, na la nyuma halikuwa na kichwa. Mahali pa kichwa palikuwa na pengo la ukubwa wa kiganja cha mtoto, lililozibwa kwa nta ya nyuki. Chombo kilikuwa kimetolewa kabatini na kuwekwa mkekani, katikati ya wanaukoo, na Sabra alikuwa amekaa upande ule ambao pengo lilimtazama yeye.

Ilikuwa arobaini ya baba yake, mzee Ibrahimu. Dua ilikuwa imesomwa, pilau imeliwa, na wageni wengi walikuwa wameshauacha ukungu wa Mtae na kuteremka. Waliobaki walikuwa na la kusema kuhusu mali, na aliyetangulia kusema alikuwa Bi Saumu wa Bungu, dada mkubwa wa marehemu mama yake Sabra.

“Sikuja kugombea shamba,” alisema. “Nimefuata hiki tu. Babu yetu alimpikia Mzungu kule Lushoto miaka ishirini, na Mzungu alipofunga virago ndicho alichomwachia. Mdogo wangu aliletwa hapa bibi harusi amekipakata njia nzima. Kimetoka China, kimevuka bahari, kimepanda milima hii bila mkwaruzo. Kilipoingia mikononi mwa mtu fulani, hakikumaliza mwaka.”

Mtu fulani alikuwa amekaa karibu na mlango, amejifunika nguo za eda. Zainabu, mama wa kambo wa Sabra, alitazama viganja vyake kama mtu anayesoma barua aliyokwisha kuisoma mara nyingi.

Sabra alikuwa muuguzi Tanga sasa, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, lakini hapo mkekani alikuwa tena na miaka tisa, juu ya kigoda, akinyoosha mkono ayaguse makucha ya joka. Alitaka tu kujua kama rangi zile zilizovimba juu ya kauri zina ubaridi wa nyoka. Kigoda kikayumba. Zainabu alitokea jikoni, unga umemjaa mikononi, akaviona vigae, akamwona mtoto, akasikia hatua za mume wake uani. Mzee Ibrahimu alipoingia, mwanamke yule, aliyekuwa na miezi minane tu ndani ya nyumba hiyo, alisema, “Kimeniponyoka.”

Baba hakumpiga wala hakumtukana. Alinyamaza. Mwezi mzima alikula chakula cha mke wake bila kumtupia neno, na habari ikasafiri hadi Bungu, ikinenepa njiani: kwamba bi mdogo kwa wivu amevunja kumbukumbu ya marehemu. Sabra alinyamaza kwa woga. Baadaye, woga ulipokwisha, alinyamaza kwa aibu, na aibu ikawa ndefu kuliko woga.

“Atakipakia nani garini?” aliuliza Athumani, mdogo wa mzee Ibrahimu, aliyetaka shauri liishe.

“Mama mkubwa,” Sabra alisema, “nilikivunja mimi.”

“Sabra,” Zainabu alisema taratibu. “Yamekwisha hayo.”

“Hayajakwisha. Ametoka kuyasema sasa hivi.” Akamgeukia tena Bi Saumu. “Nilipanda kigoda, nikaanguka na chombo. Mama mdogo aliingia kikiwa kimeshavunjika.”

Bi Saumu alimgeukia Zainabu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama usoni.

“Ni kweli?”

“Alikuwa hana mama,” Zainabu alijibu. “Mimi nilikuwa mtu mzima.”

“Miaka ishirini na miwili nimekusema. Kwenye harusi. Msibani.”

“Nilikuwa nikisikia.”

“Na hukunijibu.”

“Ningekujibu ningemtaja mtoto.” Zainabu alivua mtandio wake wa juu, akakifunga chombo kwa uangalifu, akakisogeza mbele ya mgeni. “Kichukue, dada. Ni cha kwenu.”

Bi Saumu alikipakata. Kidole chake kikapapasa nguo pale ilipofunika pengo. Athumani alimkumbusha kwamba gari la mwisho bado halijaondoka. Akifanya haraka atalipata.

“Limeshaniacha,” Bi Saumu alisema, na honi ya gari hilo ikasikika kutoka kituoni, ikiita abiria. Hakuna aliyemsahihisha.

“Basi nitakutandikia,” Zainabu alisema, akainuka.

Sabra alimfuata jikoni. Akamkuta anapepeta maharage, ungo ukipanda na kushuka kana kwamba siku ilikuwa siku yoyote. Akachuchumaa kando yake, akaanza kuokota vijiwe.

“Ulinikasirikia?” aliuliza.

Alitarajia kusikia hapana. Ungo ulisimama.

“Sana,” Zainabu alisema. “Ule mwezi baba yako hakunisemesha, nilikuwa nakutazama ukila, nikikuchukia. Hata nywele nilikuwa nikikusuka nakuvuta kuliko inavyotakiwa.”

“Nilidhani ndivyo unavyojua kusuka.”

Zainabu alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, akaziba mdomo kwa sababu ya eda, lakini kikampita vidoleni, na mwishoni kikageuka kuwa kitu kingine. Sabra aliuchukua ungo mapajani mwa Zainabu, akaendelea kupepeta, bila ustadi, maharage mengine yakimwagika sakafuni.

Nje ukungu ulikuwa umeufikia ua. Kutoka sebuleni Bi Saumu alikohoa, kisha akauliza kwa sauti ya mtu asiyejua bado aanzie wapi, maji ya kutawadhia yako upande gani.

Zainabu alijifuta macho kwa kiwiko.

“Njoo huku, dada,” aliita. “Yapo ya moto.”