Farasi Anayefika wa Mwisho

Bi Khairiya alitaka farasi, na alitaka aliyefundwa. Neno hilo alilichagua mwenyewe. Katika nyumba za Wazanzibari wa Dubai yeye ndiye somo anayeitwa kumfunda mwali kabla ya harusi, na kwa farasi hakuona tofauti kubwa.

"Sitaki wa kuja kumfundisha mimi," aliniambia. "Mimi mwenyewe sijui kitu. Mmoja wetu lazima awe anajua."

Alikuwa amevuka miaka hamsini na hajawahi kupanda hata punda.

Tulikutana katika hoteli ya Al Mankhool nilikokuwa nikisafisha vyumba. Shangazi yake kutoka Maskati alikuwa amepanga pale. Bi Khairiya alipokuja kumjulia hali, alinikuta kwenye korido nikimweleza baba yangu kwa simu, kule Kitale, namna ya kumgeuza ndama aliyekaa vibaya tumboni. Akasimama kando yangu, mkoba begani, mpaka ndama akazaliwa.

"Alhamdulillahi," akasema, kana kwamba ng'ombe ni wake. "Umejifunza wapi haya?"

"Chuoni, madam. Nina diploma ya afya ya mifugo."

"Usiniite madam, mimi si hoteli. Na farasi je?"

"Mazoezi yangu niliyafanya kwenye shamba la farasi, Molo."

"Sasa na mashuka unafanya nini, mwanangu?"

Nikayatazama mashuka.

Ndivyo tulivyopatana. Akipata farasi, mimi ndiye nitakayemtunza, na kaka yake Muhanna, mwenye kishamba cha mbuzi upande wa Al Khawaneej, atakuwa kafeel wangu, yaani mdhamini wa viza yangu. Lakini Muhanna alikuwa ameweka sharti: banda moja lilikuwa tupu, na kama joto la kiangazi lingeanza kabla farasi hajapatikana, lingerudi kuwa la mbuzi na asingependa kusikia habari za farasi tena. Kwa hiyo kila Ijumaa nilipokuwa nikimtafutia Bi Khairiya farasi, nilikuwa nikijitafutia mlango wa kutokea kwenye korido ile.

Tatizo lilikuwa mimi. Mbele ya wanyama sina hofu yoyote, lakini mbele ya watu wanaouza vitu mdomo wangu huwa mzito. Bi Khairiya alilijua hilo siku ya kwanza tu, wala hakukasirika.

"Mdomo wako ukiwa mzito tutatumia mikono," alisema. "Nitakupa mkoba wangu unishikie. Farasi akiwa mbaya, nirudishie. Akiwa mzuri, kaa nao."

Mahali pa kwanza farasi walikuwa wamelala kwenye kiyoyozi, wametoka Ulaya kwa ndege. Bi Khairiya alipotajiwa bei, aliuliza kama nyumba imo. Mahali pa pili palikuwa na farasi mwekundu mrembo, wa bei nafuu, mpole kuliko kondoo. Upole ule sikuupenda. Mdomo wa chini ulining'inia na macho yalikuwa ya mtu anayetafuta usingizi. Mtu alikuwa amemchoma sindano ya kumtuliza asubuhi ile. Nikarudisha mkoba.

"Umeurudisha upesi," Bi Khairiya akaninong'oneza garini. "Nilikuwa nimeshampa jina."

Usiku huo, katika chumba tunachochangia International City, rafiki yangu Teresiah alinicheka huku akinyoosha sare yake ya ulinzi. "Si mlete hata huyo wa kusinzia, Metrine. Nitampanda mpaka stesheni ya metro, basi lenyewe halina haraka."

Ijumaa iliyofuata tulikwenda mbele ya Al Awir, kwenye kambi ya farasi wa mbio ndefu za jangwani. Msimu ulikuwa umekwisha na arbab, tajiri mwenye kambi, alikuwa anapunguza farasi. Aliyetupokea ni Ubeid, mtu wa Lamu, mrefu, mwenye kofia iliyofifia kwa jua.

"Karibuni. Anayetafutiwa farasi ni mtoto?"

"Mtoto gani? Mimi."

"Mashallah," akasema Ubeid, kisha akakohoa kidogo.

Akatoa farasi jike wa rangi ya kijivu. Alikuwa na jina refu kwenye karatasi zake, ila pale kambini walimwita Nunu. Ubeid akamtia tandiko, akampanda, akamwingiza kwenye uwanja mdogo uliozungushiwa uzio ili tumwone.

Hatukuona kizuri chochote. Nunu aliinua kichwa juu. Alipotakiwa kuzunguka alikwenda upande kama kaa. Kila alipofika karibu na lango alivuta kwenda kwenye pikapu nyeupe iliyoegeshwa nje, na Ubeid akawa na kazi ya kumrudisha.

"Huyu hajafundwa," akasema Bi Khairiya kwa masikitiko. "Huyu kalelewa na bibi yake."

Nami niliona hivyo hivyo. Nikamrudishia mkoba.

Bi Khairiya akashukuru kwa adabu zote za Kiunguja, akageuka kwenda garini. Ubeid hakubishana. Aliteremka, akafungua tandiko, akaliweka juu ya uzio, akachukua ndoo na kummwagia Nunu maji shingoni.

Hapo nikasimama.

Nunu alishusha kichwa chake mpaka usawa wa magoti. Pumzi zake zikaanza kutua moja baada ya nyingine. Miguu aliipanga sawasawa bila kuambiwa na mtu, akangoja. Nilimsogelea, nikaweka vidole chini ya taya penye mshipa, na mapigo yalikuwa yakishuka chini ya vidole vyangu. Nikapapasa miguu yote, na hata mmoja haukuwa na uvimbe wala joto. Alikuwa akinipa kila mguu kabla sijauomba. Nikashika kamba yake, nikakimbia kidogo. Akakimbia begani kwangu, kamba imelegea, tukaenda moja kwa moja. Nikageuka, akageuka. Nikasimama, akasimama.

Nikakumbuka mbio zile zinavyokwenda. Kila kipande cha njia kikiisha farasi huvuliwa tandiko, humwagiwa maji, daktari humsikiliza moyo, kisha hukimbizwa kwa kamba mbele yake. Na njia nzima gari lenye maji humfuata ubavuni. Hakuna anayemzungusha uwanjani. Nunu alikuwa amefundwa, na amefundwa vizuri sana, ila kwa somo mwingine. Sisi tulikuwa tumemuuliza maswali ambayo hakuyasomea.

Bi Khairiya alikuwa ameshafungua mlango wa gari.

"Bi Khairiya!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotarajia. Hata Nunu aliinua sikio.

"Naomba mkoba."

"Mkoba wa nini tena?" akauliza Ubeid.

Bi Khairiya alinitazama, akafunga mlango, akarudi taratibu, mkoba akiwa ameukumbatia. "Naam. Nini?"

"Sijamaliza kumwangalia." Nikamgeukia Ubeid, na mdomo ukawa mwepesi. "Kaka, mtandike tena, tafadhali. Mimi nitampanda. Wewe endesha pikapu pembeni yetu, mwendo wa mtu anayetembea."

Ubeid akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kumbe unajua."

Tukatoka mchangani. Pikapu ilipoanza kuunguruma kando yetu, Nunu alishusha kichwa, akachukua mwendo mmoja mrefu, laini, kama cherehani inayoshona pindo. Nikalegeza hatamu kabisa na hakubadilisha kitu. Kisha nikampungia Ubeid mkono abaki nyuma. Nunu alitupa sikio moja kulitafuta gari, akapunguza mwendo, akafikiri, na nilipombana kidogo kwa miguu akaendelea mwenyewe. Niliporudi niliegemea nyuma kidogo tu, akasimama mbele ya Bi Khairiya.

"Haya, yakhe," Bi Khairiya akamwambia Ubeid. "Bei yenu ni ndogo. Ana ila gani? Sema kweli."

Ubeid alivua kofia. "Kweli? Hashindi. Kila mbio anamaliza mzima, na kila mbio anafika wa mwisho. Arbab keshachoka kumsubiri kwenye mstari."

Bi Khairiya alicheka mpaka akashika uzio. "Na mimi nakwenda wapi kwa haraka?"

Akanyoosha mkoba kunielekea. Nilipotaka kuupokea, akaurudisha nyuma.

"Hapana. Leo sitaki mkono. Nataka mdomo. Nimchukue au nimwache?"

Nilikuwa juu ya Nunu, na nilisikia joto la ubavu wake likipita kwenye suruali yangu.

"Mchukue," nikasema. "Usimwache. Hutapata mwingine kama huyu."

"Basi khalas," akasema Bi Khairiya, akaanza kumvuta Ubeid chini kwenye ile bei ambayo tayari ilikuwa ndogo, kwa sababu asingeweza kulala bila kufanya hivyo.

Sare ya hoteli niliirudisha ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Sasa jioni, jua likishapoa, tunatoka watatu nyuma ya mabanda ya mbuzi. Bi Khairiya yuko juu ya Nunu, mgongo umenyooka kama yuko mbele ya mwali anayemfunda. Ubavuni Muhanna anaendesha gari lake jeupe, kioo kimefunguliwa, chupa za maji ziko kitini.

"Dada, mbuzi wangu wangekuwa wameshafika," anasema.

"Punguza mguu, Muhanna. Unamtia farasi wangu haraka."

Mimi natembea upande wa pili, karibu na bega la Nunu, na mkoba ninao.