Giza la Kukodisha

Barua ilifika Jumatatu ikiwa na muhuri wa ofisi ya mtendaji wa kata, na Shangazi aliisoma akiwa amesimama, glavu moja mkononi, nyingine mfukoni. Shangazi yangu ni mkunga wa zahanati yetu, mwaka wa ishirini na sita sasa. Mimi ni karani wa mapokezi. Kazini namwita Sista kama wenzangu wote, lakini siku ile nilijisahau.

"Shangazi, wanasemaje?"

"Tuzime taa ya mlangoni. Kila siku, saa mbili hadi saa tano usiku. Ati tunawaharibia nyota."

Juu ya kilima kinachotazamana na zahanati ilikuwa imefunguliwa kambi ya kutazama nyota. Wageni walikuja kwa mabasi, watu wa kawaida tu: walimu, mafundi, wastaafu na wajukuu zao, watu ambao taa za mijini zimewanyima anga. Walilazwa kwenye viti vya kukunja, wakafunikwa mablanketi, wakaonyeshwa Kilimia kwa macho na pete za Zohali kwa darubini. Sikuwa na kinyongo nao. Nani asiyependa nyota? Ila meneja wa kambi aliwaahidi kwenye mabango "giza asilia," na kumbe giza lenyewe alikuwa hana. Alikuja kulitafuta mlangoni kwetu, kupitia kwa mtendaji.

Shangazi aliijibu barua kwa mkono wake, nakala kwa meneja. Aliandika kwamba uchungu hauna ratiba, na kwamba mlango wetu una ngazi ya vidato vitano isiyo na pa kushika. Hakujibiwa. Ijumaa akaja fundi umeme, akapanda juu, akakata waya kwa koleo. Watoto wake wote watatu walizaliwa mikononi mwa Shangazi, kwa hiyo alishuka akiangalia viatu vyake.

"Nisamehe, Sista. Nimetumwa tu."

"Mjumbe hauawi," Shangazi akamwambia. "Lakini aibu anaruhusiwa kuona."

Wiki moja baadaye, saa mbili na nusu usiku, nilisikia kishindo nje, halafu sauti ya mwanamke mtu mzima akiita. Aliyeanguka alikuwa fundi cherehani wa sokoni, mimba imetimia; aliyeita ni mama mkwe wake, ndiye aliyemleta. Alikikosa kidato cha tatu. Alipoanguka alilikinga tumbo kwa mkono, na mkono ule sasa ulikuwa umepinda pasipo kiungo. Tulimbeba, mimi tochi nimeiuma kwa meno.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa nne, wa kike, analia kwa nguvu zote. Mama yake hakuweza kumpokea. Mkono uliovunjika ndio ule unaosukuma kitambaa chini ya sindano.

Shangazi alisubiri mpaka damu ikatulia na mkono ukafungwa vibao. Akamwachia muuguzi wa zamu, akanawa. Aproni hakuivua.

"Wewe, twende."

Nilijua tunakwenda wapi. Tulipanda kilima, yeye mbele, mimi nahema nyuma yake.

Wageni walikuwa wamelala chali wanamsikiliza mwongozaji. Meneja alikuja mbio, ananong'ona.

"Mama, tafadhali, zima tochi! Macho ya wageni yanahitaji dakika ishirini kulizoea giza."

"Na ya mwenye uchungu yanahitaji ngapi?" Shangazi hakunong'ona. Tochi aliishushia kwenye aproni yake, na walio karibu wakaiona damu.

"Mambo haya yana utaratibu. Tungeyazungumza ofisini."

"Nilikuandikia. Ukanijibu kwa koleo."

Bibi mmoja aliinuka kwenye kiti chake, blanketi mabegani. "Samahani, mwanangu. Pale chini penye giza ni hospitali?"

"Zahanati, mama. Na sasa hivi kuna mzazi aliyevunjika mkono mlangoni pake."

"Sisi tuliambiwa ni shamba," yule bibi akasema, akamgeukia meneja. "Ulituambia ni shamba!"

Minong'ono ikawa makelele. Mzee mwingine, aliyesema amechomelea vyuma maisha yake yote, aliuliza swali ambalo hakuna ofisi iliyowahi kuliuliza: "Kwani mmeshindwa kuivisha taa kofia ya bati, imulike chini tu? Mwanga wa vidato unatafuta nini mbinguni?"

Meneja alisema hilo lilikuwa kwenye mpango. Shangazi alicheka, na sijawahi kusikia kicheko kibaya kama kile.

Asubuhi fundi umeme alirudisha waya bila kutumwa na mtu. Fundi bati wa sokoni akakunja kipande cha bati, akakitoboa, akakifunga juu ya taa; alipomaliza, chai niliyomwekea ilikuwa bado ya moto. Usiku vidato vilionekana vyote vitano, na nyota zilikuwa palepale. Ndipo hasira ilipokuja kunishika vizuri. Kipande cha bati!

Siku tatu baadaye meneja alikuja na mpiga picha, anataka Shangazi asimame chini ya taa kwa ajili ya bango jipya: "Kambi Inayojali Majirani." Shangazi alimfungia mlango. Meneja akaenda kwa fundi cherehani na kapu la matunda na tiketi ya bure ya kutazama nyota. Fundi mwenyewe alikuwa kitandani, mkono kwenye plasta, mtoto kapakatwa na bibi yake.

"Nyota naziona hapahapa uani," akamwambia. "Nguo za wateja wangu atazishona nani?"

Kapu tulilirudisha kilimani mimi na Shangazi, mchana kweupe, wageni wakitazama. Kikao cha wakazi ndicho kilichombana meneja amlipe mshonaji mwingine wa kukaa kwenye cherehani ya fundi mpaka mwenyewe apone. Alitia sahihi huku amenuna. Neno "samahani" tulilisubiri mpaka viti vya kikao vikakusanywa, na hakulisema.